Sahani au kopo? Barua zenu za biashara ya chakula

Mwezi huu barua za chakula kutoka hapa kwetu Uganda zimekuwa nyingi mpaka zile za mashamba nimeziweka pembeni kwanza, wenyewe mtanisamehe. Nimechagua tatu. Majina nimeyatoa kama kawaida yetu.

*Salaam Shangazi. Mimi niko Arua, miaka 34, nina watoto watatu. Natengeneza odi, ile siagi ya karanga na simsim, nilianza kwa kupelekea watu wa kanisa, saa hii nauza makopo kama 40 kwa wiki, nusu kilo shilingi 8,000 na kwa kila kopo nabaki na kama 2,500. Supamaketi moja hapa town imesema itachukua lakini inataka alama ya UNBS (shirika la viwango). Wifi yangu anataka tufanye pamoja, yeye ako na milioni 2, mimi nina milioni 1 na laki 2. Kuna jamaa ametuambia tufungue kampuni kabisa ndio benki itupe milioni 10, na karatasi zote atatushughulikia yeye kwa laki 9. Mwingine anasema tuchukue PDM, ile pesa ya serikali ya parishi, kwa sababu ni pesa ya bure. Shangazi nianzie wapi? — Mama Odi*

Mwanangu, kwanza hongera, makopo 40 kwa wiki bila tangazo lolote si mchezo. Sasa huyo jamaa wa laki 9 mwambie asante, akae na kalamu yake.

Kabla ya karatasi nataka uelewe kitu kimoja ambacho mimi mwenyewe nilichelewa kukielewa. Biashara ya chakula hapa kwetu ina milango miwili, ya sahani na ya kopo. Ukiuza chakula cha moto mtu akala akaenda, wanaokuhusu sana ni baraza la mji na afisa wa afya. Ukishakifunga kwenye kopo ukabandika jina, kikatoka mkononi mwako kikakae kwa rafu ya mtu mwingine mwezi mzima, hapo umeingia kwa UNBS, na huo mlango una gharama yake na una subira yake. Wewe ulianza kwa watu wa kanisa wanaokujua, supamaketi ni watu wasiokujua, ndio maana wanataka alama.

Na kwa karanga wana haki ya kuogopa. Kuna sumu inaitwa aflatoksini, inatoka kwa ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yaliyokaushwa vibaya, na shida yake ni kwamba kukaanga hakuimalizi, unaweza kukaanga mpaka karanga ikawa nyeusi na sumu bado imo. Kiwango kinachokubalika Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, yaani kitu ambacho jicho wala ulimi haviwezi kukiona. Mnakumbuka Machi 2021 Kenya iliposimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania, malori yakajaa pale mpakani? Ilikuwa ni hiyo hiyo. Kwa hiyo pesa yako ya kwanza kabisa, kabla ya lebo nzuri na kabla ya mashine, iende kwa karanga yenyewe: nunua kwa mtu anayekausha juu ya turubai si juu ya udongo, chagua kwa mkono, zile zilizokunjamana na zenye rangi ya ajabu tupa (tupa kabisa, usisage "za nyumbani"), na weka magunia juu ya mbao yasiguse sakafu. Ukipeleka sampuli ya karanga mbaya maabara, umelipia kipimo ili uambiwe kitu ambacho mikono yako ingekuambia bure.

UNBS wenyewe makao makuu wako Bweyogerere nje ya Kampala, lakini wewe wa Arua ofisi yao ya Gulu iko karibu zaidi. Unaomba, wanakuja kukagua pale unapotengenezea, wanachukua sampuli, ikipita unapewa kibali cha kutumia alama, na kila mwaka unafanya upya. Mahali ndipo wengi wanaangukia. Hawataki jikoni ya nyumbani ambamo mtoto anaingia na mpira na kuku nyuma yake. Wanataka chumba cha peke yake, ukuta unaoosheka, dirisha lenye wavu, maji, mahali pa kunawa, mlango unaofungwa. Chumba kimoja kidogo kinatosha ukikipanga vizuri. Na lebo iwe na jina la kitu, vilivyomo, uzito, jina lako na mahali ulipo, namba ya bechi, tarehe ya kutengeneza na ya kuisha. Karanga ni kitu kinachodhuru baadhi ya watu kwa aleji, kwa hiyo simsim na karanga ziandikwe wazi, usifiche kwenye neno "mchanganyiko". Kama chumba kimekushinda kabisa, Kampala kuna UIRI (taasisi ya utafiti wa viwanda) pale Nakawa na Chuo Kikuu cha Makerere wana kituo cha teknolojia ya chakula, huko wanalea wajasiriamali wadogo wanaotumia mashine zao, ila kwa mtu wa Arua nauli peke yake itakula faida, labda uende kujifunza tu halafu urudi.

Sasa hiyo ya kampuni. Mnaweza kuchagua njia mbili za kawaida. Ya kwanza, mnasajili jina la biashara URSB (ofisi ya serikali ya kusajili biashara), wewe na wifi mkiwa wabia. Ni rahisi, gharama ndogo, siku hizi inafanyika kwenye mtandao wao na Arua pia wako na ofisi. Ubaya wake ni kwamba biashara na wewe ni kitu kimoja, deni la odi ni deni lako, anayekudai anaweza kufika mpaka kwenye kabati lako. Ya pili ni kampuni, ambayo sheria inaiona ni mtu tofauti na nyinyi, na tangu sheria ya kampuni ya 2012 hata mtu mmoja peke yake anaweza kuifungua. Lakini kampuni inataka ripoti URSB kila mwaka, hata mwaka ambao hukuuza kitu, na watu wanaisahau halafu adhabu inajikusanya kimya kimya.

Ile hadithi kwamba ukifungua kampuni benki inakupa pesa, hapo jamaa anawadanganya. Benki ikiona kampuni ya miezi mitatu inaita wenye kampuni waweke sahihi ya udhamini wao binafsi pamoja na kiwanja, kwa hiyo ule ukuta uliolipia unauvunja mwenyewe siku ya kwanza. Ningekuwa wewe ningeanza na jina la biashara, na pamoja nalo karatasi moja ambayo kwangu mimi ni muhimu kuliko cheti chenyewe: makubaliano kati yako na wifi. Nani ametoa ngapi (yeye milioni 2, wewe milioni 1 na laki 2 PAMOJA na ujuzi na wateja, huo ujuzi uandikwe una thamani gani), nani analipwa mshahara wa kusaga, faida inagawanywaje, na mmoja akitaka kutoka anatokaje. Wifi ni wifi leo, kesho ndoa ya kaka ikiwa na matatizo biashara nayo inalala nje. Wekeni sahihi mbele ya mashahidi. Mwenyekiti wa kijiji (LC1) anaweza kushuhudia, lakini mwanasheria akiipitia ni vizuri zaidi, na hata huyo hatachukua laki 9 kwa kurasa mbili.

Kitu kingine kidogo, kusajili jina la biashara hakukupi haki ya chapa. Ukiona odi yako imeanza kujulikana kwa jina lake, sajili chapa kando, hapo hapo URSB, inalindwa miaka 7 ya kwanza halafu unaiongezea miaka 10 kila mara. Sio lazima mwaka huu.

Mkitoka URSB pateni TIN (namba ya mlipa kodi) kutoka URA (mamlaka ya mapato), ni bure, msimlipe mtu, halafu ndio mwende kwa baraza la jiji kuomba leseni ya biashara, maana bila TIN hawaruhusiwi kukupa leseni. Wengi wanaanza na leseni wanarudishwa.

Tuje kwa pesa, na hapa nataka uchukue kalamu. Makopo 40 mara 2,500 ni laki moja kwa wiki, kwa mwezi kama laki 4 na elfu 30. Benki ikikupa milioni 10 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwaka, ulipe miezi 24, kila mwezi utatoa karibu 509,000. Umeiona? Unatoa faida yako yote na bado unaingiza mkono kwenye ada za watoto, na hapo hujala. Utaniambia nikipata mashine nitatengeneza makopo 150. Sawa, lakini supamaketi haikulipi siku unayoshusha mzigo, inakulipa baada ya mwezi au zaidi, na benki haisubiri supamaketi.

Mimi hiyo imenikuta. Nilikuwa na kihoteli karibu na stendi, nikakopa kwa mkopeshaji mmoja, na kitu cha kwanza kununua, msinicheke, ni bango kubwa la rangi na viti vya plastiki 24. Wateja wangu walikuwa wanakula wamesimama au wanabeba! Viti vilikaa vitupu, deni likatembea, mwisho viti vikaenda na yule mkopeshaji na bango likabaki, mpaka leo limeziba banda la kuku wangu.

Kwa mwanamke mwenye biashara ndogo inayotembea tayari, angalia GROW, ule mradi wa serikali na Benki ya Dunia, mikopo yake inapitia mabenki kama Centenary, PostBank, Finance Trust na wengine, riba asilimia 10 kwa mwaka na inaanzia milioni 4. Ukichukua hiyo milioni 4 kwa miezi 24 unalipa kama 185,000 kwa mwezi, kwa faida uliyonayo LEO inawezekana, haitegemei ndoto. Watataka kuona biashara, kwa hiyo anza sasa hivi kuandika kila kopo kwenye daftari na pesa zote zipite kwa simu au akaunti, miezi sita ya hivyo inaongea kuliko kampuni. Ile milioni 3 na laki 2 yenu na wifi ifanye chumba, turubai, mizani na vipimo vya UNBS, mkopo uje baadaye kwa mashine, alama ikishapatikana.

UWEP (mfuko wa serikali wa wanawake) nayo ipo, lakini ni ya kikundi cha wanawake 10 mpaka 15, mpaka milioni 12 na nusu, mkirudisha ndani ya miezi 12 hakuna riba, mkichelewa mnaongeza asilimia 5. Ni pesa nzuri sana. Shida ni hao 15. Kama mko na kikundi cha akiba ambacho kimekaa miaka na mnajuana nani analipa na nani anazima simu, nendeni kwa afisa wa maendeleo ya jamii. Kama mnataka kukusanyana sababu ya pesa tu, acheni, maana deni ni la wote na wanaolipa huwa ni watatu.

Na PDM sio bure jamani! Ni mkopo wa milioni moja kwa kaya kupitia Sako (chama cha akiba na mikopo) ya parishi, riba asilimia 6 kwa mwaka, na ililetwa kwa zile nyumba ambazo bado zinalima za kula tu, inaangalia shamba na mifugo. Haikuja kwa kopo la supamaketi. Ila fikiria hivi, kama mama mkwe au jirani anayelima ameipata kihalali na akaweka kwenye karanga, wewe mwambie mapema utanunua gunia ngapi na unataka zikaushweje. Hapo PDM imekusaidia bila kuigusa.

*Asalaam aleikum Shangazi. Mimi ni kijana wa Busia, nakaanga chapati na rolex (chapati ya mayai) mwaka wa nne sasa, nauza kama elfu 60 kwa siku, Jumapili sifanyi. Naogopa kujiandikisha URA, wenzangu wanasema ukiingia kwenye kompyuta yao hutoki. Halafu nataka kabati la vioo na sigiri kubwa, kuna mtu atanipa milioni moja kwa asilimia 20 kwa mwezi ila anashika kitambulisho changu cha taifa. Nichukue?*

Waaleikum salaam mwanangu. Usichukue. Tumalize hiyo kwanza ndio twende kwa kodi.

Asilimia 20 kwa mwezi ni laki 2 kila mwezi ya riba peke yake, milioni yenyewe bado iko pale inakuangalia. Mwishoni mwa 2024 serikali iliweka kikomo kwa wakopeshaji wenye leseni, asilimia 2.8 kwa mwezi, yaani kwa milioni yako ni elfu 28. Elfu 28 na laki 2, ona tofauti. Mkopeshaji lazima awe na leseni ya UMRA (wasimamizi wa mikopo midogo), mwambie akuonyeshe, akianza kukasirika umeshapata jibu. Na kitambulisho cha taifa sio rehani, ni mali ya serikali, bila hicho hata laini ya simu hupati na hao watu wanajua ndio maana wanakishika. Mtu akitaka dhamana, tangu 2019 kuna sheria inayoruhusu vitu vinavyobebeka kuwekwa dhamana na kuandikwa kwenye rejista ya URSB, kama una pikipiki au friji ongea kwa hiyo.

Wewe pale Busia ningekuuliza kwanza kama uko kwenye Emyooga, ule mpango wa serikali wa akiba na mikopo. Ilipoanza 2019 ilipanga watu kwa kazi zao, makundi 18, na wenye mikahawa wana lao, wewe wa rolex ni mtu wa huko kabisa. Unajiunga na chama cha parishi, unaweka akiba, halafu unakopa kwa Sako ya jimbo. Haiendi haraka, na kuna Sako zinaendeshwa vizuri na kuna zingine viongozi wamezigeuza mfuko wao, kwa hiyo kabla ya kuweka shilingi uliza waliokopa mwaka jana kama walipata na walirudisha. Pia, sigiri na kabati si lazima vije siku moja. Kashi raundi ya wakaanga chapati kumi wa hapo hapo, kila mtu elfu 5 kwa siku, kila baada ya siku kumi mmoja anachukua laki 5. Hiyo haina riba wala karatasi.

Sasa URA. Elfu 60 mara siku 26 mara miezi 12 ni 18,720,000. Hiyo ni mauzo. Kwa biashara ndogo zenye mauzo chini ya milioni 150 kwa mwaka kodi inapigwa kwa mauzo, na chini ya milioni 10 hulipi kabisa. Wewe uko kati ya milioni 10 na 30, na hapo kuna bei mbili: mwenye kumbukumbu analipa asilimia 0.4 ya kile kilichozidi milioni 10, asiye na kumbukumbu analipa 80,000 moja kwa moja. Kwa hesabu yako ukiwa na daftari ni kama 34,880. KWA MWAKA. Wewe kwa siku moja unauza zaidi ya hiyo! Ndio daftari la shilingi elfu 2 limekuokolea elfu 45 na zaidi. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) haikuhusu, hiyo ni ya wanaofika milioni 150.

Kuna msamaha wa miaka 3 wa kodi ya mapato kwa biashara mpya za wananchi zilizoanza baada ya Julai 1, 2025 zenye mtaji usiozidi milioni 500, lakini wewe ulishaanza zamani usijaribu kujiita mpya. Mama Odi hapo juu ndiye aulize huo, akishasajili. Na yeye asisahau kwamba msamaha haumaanishi usipeleke ritani (taarifa ya kodi).

Kutoka kwenye hiyo kompyuta unaweza, ukifunga biashara unawaambia wanaifunga namba. Wanaoshindwa kutoka ni wale walioingia wakanyamaza.

*Shangazi mimi nina kafunda (kibanda cha chakula) kadogo Kawempe, nauza kikomando (chapati na maharagwe) na chai. Wamepita wakasema msichana wangu lazima apimwe na mimi pia. Ni kweli au wanataka chai?*

Ni kweli nyabo. Anayeshika chakula cha watu anapimwa, typhoid na minyoo na kifua na vinginevyo, na cheti kinarudiwa kila miezi sita, hata wewe mwenye mali ukigusa sufuria unahesabika. Nenda mwenyewe kwenye kituo cha afya kinachotambuliwa na KCCA (mamlaka ya jiji la Kampala) na udai risiti, usimpe pesa mtu aliyesimama mlangoni akakuahidi kuleta cheti jioni, maana cheti cha jioni hakijui kama msichana wako anaumwa, na wateja wako watajua kabla yako. Akikutwa na ugonjwa anatibiwa anarudi, usimfukuze. Gharama ya kipimo lipa wewe, si yeye.

Halafu hujaniuliza lakini nakwambia, huyo msichana kama unamlipa mshahara basi NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) inamhusu hata akiwa peke yake. Ile ya zamani ya wafanyakazi watano iliondolewa na sheria ya 2022. Wewe unatoa asilimia 10 juu ya mshahara wake, yeye anakatwa 5.

Vyeti vyote vitie kwenye plastiki uvitundike ukutani mahali mkaguzi anapoviona bila kukuuliza, ila mbali na sigiri. Changu cha kwanza kilipikwa na moshi mpaka muhuri ukapotea, nikalipia kingine.